Mume wa Filamu Iliyopita

Mwenzangu, uko wapi? Nimetoka chumba cha vipodozi sasa hivi.

Mwongozaji kanipa nafasi ya mama. Mama wa nani? Wa Kipara! Kipara yuleyule aliyekuwa mume wangu filamu iliyopita!

Nikamuuliza, "Nilimzaa lini, na amenizidi miaka kumi?"

Akacheka. "Dada, umri umeenda. Tutakupaka mvi kidogo."

Mvi! Mimi!

Kipara anajitazama tu kwenye kioo.

Nikasema, "Mbandikeni yeye nywele kwanza." Chumba kizima kikaangua kicheko.

Nikaelekea mlangoni. Mwongozaji akafoka, "Ukitoka, usirudi!"

Nimetoka. Natembea barabarani nusu ya uso imepakwa poda, watu wananikodolea macho. Wakodoe! Nitaigiza hata maiti, lakini mama wa yule mzee? Ng'o!