Leso Yako Mlangoni pa Gari la Picha

Mpendwa dada Mwanakombo,

Huko ulikolala barua haifiki, lakini nimezoea kukusemesha, nawe ulizoea kunisikiliza hata nikisema uongo.

Unakumbuka lile gari la picha za kifua lilipokuja Bofu, Uhuru unakaribia? Mpiga mbiu akinadi: "Wanaume wenye kazi, njooni mpimwe kifua kikuu!" Mimi, kuli wa bandarini, mbeba magunia mawili kwa mpigo, mjuzi wa matusi ya mabaharia wa nchi saba, nilikuwa nakohoa mwezi wa tatu. Nikisingizia sigara. Siku hiyo nikajificha nyuma ya gari lenyewe, kadi yangu ya kuitwa kupimwa mfukoni.

Wewe ukaja na vumbi la makumbi ya nazi kichwani, ukasimama kwenye safu ya wanaume.

"Mama, wanawake hamkuitwa," karani akasema. "Hii ni ya wafanyakazi."

"Napiga makumbi na kusokota kamba tangu alfajiri. Huko ni kucheza? Au pafu nalo liko la kike na la kiume?"

Watu wakaangua kicheko. Karani akatafuta sababu nyingine: ndani watu huvua nguo, na pazia hapana. Ukavua leso yako ya juu, ukaitundika mlangoni.

"Pazia hilo. Na yule ndugu yangu aliyejibanza nyuma ya gurudumu, mtoeni atangulie."

Nikatoka nikijipangusa mikono, kama fundi niliyekuwa nalitengeneza!

Pafu lako likaonekana safi. Langu lina doa. Nikalazwa miezi, nyumba ikala kwa kamba zako, nawe ukija kunilisha uji. Siku moja nikakusifu: "Dada, wewe mwanaume hasa."

Ukaweka kijiko chini. "Nimekukosea nini hata unitukane? Mwanaume si huyu ninayemfuta uji kidevuni?"

Nimefika hadi Bombay, dada, na wallahi sijaona mfano wako.

Gari liliporudi, mbiu ilikuwa: "Wake kwa waume!" Wanawake wa Bofu wakamiminika, pazia lile la leso yako likapeperushwa na upepo, pakatakiwa mtu wa kulishika. Wenzangu wakaona haya. Nikalishika mimi, dume la makuli, asubuhi nzima, macho nimeyafumba. Ukipita ukaninong'oneza: "Leo ndipo umefanana nami."

Sifa nyingi nimejipa mwenyewe. Hiyo moja ulinipa wewe.

Lala salama, dada.

Nduguyo mdogo,
mwenye pafu moja zima na jingine lenye hadithi