Jibu Kuhusu Mtumbwi wa Erasmo

Mbinga mjini,
Jumapili, baada ya misa.

Mdogo wangu Ottilia,

Marahaba, maana najua kabla hujafungua bahasha umeshanisalimia. Natumaini goti lako limepoa, na mwanao Erasmo na mkewe wanaamka salama hapo Lipingo. Mimi ni mzima kama mpini wa shoka. Hapa kwa binti yangu Luisa nakula vizuri, ila baridi ni kali, na Wamatengo hawa wamenishinda: wanalima kahawa mlima mzima, halafu asubuhi wanakunywa chai.

Barua yako nimeipata. Umeuliza kama Erasmo aushushe ziwani ule mtumbwi niliomchongea, uliolala ufukweni chini ya nyasi tangu Juni. Unasema usipa wameanza kutoka, wenzake wanavua, na yeye hataki kuugusa mpaka mjomba aseme. Hiyo ndiyo adabu. Nitakujibu, ila kwanza nikueleze yaliyonipata hapa, maana jibu limo humo humo.

Nyuma ya soko wamejenga kituo cha mafundi wa kazi za mikono. Bati jipya, sakafu ya sementi, na kila fundi kapewa kachumba kake kama nguruwe. Humo kuna mama anasuka vikapu visivyoweza kubeba viazi vitatu. Nikamuuliza vya nini, akasema vya kutundika ukutani. Kikapu ukutani, Ottilia! Kijana mwingine anachonga vijiko vikubwa kuliko mdomo wa kiboko, na si vya kulia. Nikawauliza nani ananunua uchafu huo, wakasema wageni. Nikauliza hao wageni kwao hakuna wazee wa kuwashauri? Wakacheka, wakadhani natania.

Mwenyekiti wao ni Pankras, mtu wa kitambi na kalamu mbili mfukoni, ambaye sijaona akichonga hata kijiti cha meno. Alikuja kwa Luisa kuniomba nichonge mtumbwi mbele ya watu siku ya kufungua kituo. Mtumbwi Mbinga! Mji ambao maji yake mengi ni yale ya kwenye ndoo! Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu akasema basi, kazi atampa Hildegardi. Hapo nikachukua tezo langu la kuchongea.

Huyo Hildegardi ni binti wa kutoka Litumbandyosi, anavaa suruali, na baba yake alimfundisha kuchonga vile vidude vya kuvukia mto. Ukimwona kazini utalia. Anatoboa mtumbwi kwa keke, tundu hapa, tundu pale, anaingiza kijiti chenye alama apime mti umebaki unene gani. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba huo si mtumbwi, ni chekeche. Fundi anayehitaji tundu kuujua mti wake ni sawa na mume anayemuuliza jirani kama mkewe yupo jikoni. Mimi nimechonga mitumbwi arobaini na mmoja, na sijatoboa hata mmoja. Nagonga kwa kifundo cha kidole, nainamisha kichwa, mti unaniambia ulipofika.

Tena mimi sina kachumba. Karakana yangu ni pale mti ulipoangukia. Na wewe unajua sheria aliyotuachia baba: penye mtumbwi unaochongwa hakuna anayefungua mdomo. Hata ulipoleta ugali uliuweka kisikini ukaondoka kimya. Hawa wa hapa wanapiga soga na kufungulia redio huku wanafanya kazi, halafu wanajiita mafundi.

Basi siku ikafika. Gogo la mninga limelazwa juu ya sementi, watu wamejaa, simu zote juu kunipiga picha, na malori ya makaa ya mawe ya Ngaka yanapita barabarani. Nikavua shati. Nikachonga mpaka jasho likalowesha sakafu. Nikawa nagonga, nainama, nafinya macho kama kawaida, naendelea. Nikainua uso nikamwona Hildegardi amenyoosha mikono juu, mdomo wazi. Pankras naye mdomo wazi. Akina mama wa vikapu nao. Nikasema moyoni, leo mmemwona fundi, shangilieni! Nikaongeza nguvu. Tezo likapita chini, likagonga sementi.

Hawakuwa wanashangilia. Walikuwa wananipigia kelele nisimame.

Nikawaambia gogo lilikuwa na mdudu. Nikawaambia malori yametikisa sakafu. Pankras akaniomba radhi kwa kuniletea mti mbovu, na mimi nikamsamehe, tena kwa sauti kubwa. Lakini yule binti alingoja watu waende kwenye pilau, akachukua chaki, akaandika sakafuni: Babu, husikii? Nikafuta kwa mguu. Akaandika tena palepale, halafu akakaa chini, akaningoja.

Sasa haya nayasema kwako peke yako. Sikio la kulia limekufa tangu ile homa ya mwaka juzi. La kushoto linasikia kama mtu aliyezama. Simu siipokei si kwa sababu ya mtandao. Na hakuna aliyejua, kwa kuwa kazini kwangu hakuna anayesema, nami sheria hiyo nikajificha ndani yake kama panya.

Mtumbwi wa Erasmo nimeuchonga na masikio haya. Niligonga, sikusikia kitu, nikatikisa kichwa kana kwamba nimesikia. Mbele, chini ya pua, nilikula sana mti, maana nilitaka uwe mwepesi kuliko wote wa Lipingo. Nilijidanganya kwamba mkono unakumbuka. Ni kweli unakumbuka, ila unakumbuka miti mingine.

Kwa hiyo jibu ni hili: asiushushe. Hata kwenye maji ya ufukweni, hata kuuosha tu. Upepo wa mwera ukimkuta katikati ya ziwa na chini pana unene wa ganda la yai, sitakuwa na macho ya kukutazama.

Hildegardi anashuka na basi la Alhamisi. Nimemwomba mimi mwenyewe, na kuomba kwangu unakujua. Mwacheni atoboe popote anapotaka. Akikuta mahali pembamba kuliko kidole, muupasue uwe kuni, msinionee haya. Erasmo mweleze wewe, mimi siwezi. Mpikie binti samaki mbasa mkubwa, na atakayeicheka suruali yake mwambie atanijua. Mtumbwi ukipona, matundu ayazibe kwa vijiti nilivyompa. Ni thelathini, vya mninga mkavu, nimevichonga mwenyewe kwa siku tatu, hapa hapa kwenye kachumba kao ka sementi. Vya kwake vilikuwa vibaya sana, na nimemwambia.

Nisalimie mke wa Erasmo, na majirani wote wanaoniheshimu. Wasioniheshimu waache walivyo. Luisa anakusalimu. Mungu akulinde wewe na nyumba yako.

Ni mimi kaka yako,
Ignatio, fundi mitumbwi.