Delhi Imesogea Lini?

Battisputali, Kathmandu
Mwanzo wa mwezi wa Kartik

Mpendwa mdogo wangu Kedar,

Hujambo wewe, mkeo Pallavi na mtoto? Joto la Delhi limepungua? Sisi huku wazima. Goti la mjomba Ishwari linamsumbua, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote, na siku hizi anayemsema ni wewe.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema mwaka wa msiba wa mama umekwisha, kwa hiyo sikukuu hii ya Tihar unakuja nikutie tika, ile rangi ya dada kumkinga ndugu yake na mauti, kwenye paji la uso kama zamani. Eti safari yenyewe ni saa moja na nusu angani, kilomita mia nane na kitu, "chai haijapoa, dada, nimeshatua."

Nilicheka, Kedar, kicheko kibaya. Mwaka jana mama alipokata roho alfajiri nilikupigia simu, ukaniambia, "Dada, Delhi si hapo jirani. Hata nikipata ndege sitawahi. Anzeni tu." Nani kaisogeza Delhi tangu siku ile?

Unapajua pale mtoni Pashupati, tunapowachomea wafu wetu. Ndege zinatua uwanjani karibu kabisa na moshi wetu. Mama kalazwa juu ya kuni, sisi bado tunakutumaini, na kila ndege iliyoshuka shangazi Manju alisema, "Huyo! Huyo ndiye Kedar." Kuhani akangoja, akangoja tena. Jua lilipoanza kuinama mjomba akaniambia, "Binti yangu, shika moto wewe. Mwenye kazi hii hana miguu." Kazi ya mtoto wa kiume nikaifanya mimi. Nikautia moto mdomoni mwa mama yangu kwa mkono huu ninaoandikia.

Siku zote kumi na tatu za matanga nilivaa nguo nyeupe za msiba, nikala bila chumvi, kwa niaba yako. Kumbe wewe msiba haujaisha uko Mumbai kwenye harusi ya shemeji yako, kilemba chekundu kichwani, unacheza mbele ya farasi wa bwana harusi! Picha kaisambaza mkeo mwenyewe. Na Mumbai, nimeuliza, kutoka kwako ni mbali kuliko hapa. Huko miguu ilipatikana.

Picha hiyo nimewaonyesha wazee wote wa ukoo, mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba. Wala sijutii. Nilifurahi kuona nyuso zao.

Basi ukitaka kuja, njoo. Mlango hautafungwa, na mikate ya sel utakula mpaka ushibe. Lakini tika nampa Lokendra, yule fundi baiskeli wa mbele ya nyumba, aliyembeba mama begani hadi mtoni wakati mwanawe hayupo. Nimeshamwambia, akalia. Yeye ndiye nitakayemzungushia mafuta, yeye ndiye nitakayempasulia kokwa mlangoni ili mauti yasimguse. Wewe utakaa na wageni, utazame, paji lako likiwa tupu. Na mwakani hivyo hivyo, na mwaka wa baada ya huo, maadamu mimi ni hai.

Msalimie Pallavi. Nibusie mtoto, yeye hana kosa. Shangazi Manju anakusalimu. Mjomba nilimwomba salamu, akageukia ukutani.

Mungu akulinde, Kedar. Mimi kazi hiyo nimeiacha.

Akupendaye bado, kwa bahati mbaya,
Dada yako Nirupama