Nyumba Inahama, Vyumba vya Kaka Vinabaki

"Nyumba si kabati hata isukumwe." Ndivyo kaka yangu anavyomwambia kila anayepita mlangoni kwetu, mpendwa mshauri, na mimi nimechoka kumjibu, maana nyumba ya jirani yetu muuza mkaa imesukumwa sote tukiangalia, wahamishaji wakaiinua kwa jeki, wakaiweka kwenye reli, ikasogea taratibu mpaka ng'ambo ya barabara na vikombe vikiwa humo humo, hata kimoja hakikupasuka. Naomba unisaidie kwa sababu yetu ndiyo pekee iliyobaki upande wa bahari, ukuta wa kuzuia maji, unaotakiwa kupita hapa nyumba yetu ilipo, umejengwa huku na huku ukakomea kwetu, na bahari ikijaa inapita kwenye pengo hilo inaingia kwa majirani, mwalimu mstaafu wa nyuma yetu ameinua kitanda chake juu ya matofali na salamu zangu haitikii tena.

Shida ni vyumba viwili ambavyo kaka aliongeza ubavuni mwa nyumba ya mama alipooa. Kaka ni fundi ujenzi, tena mwenye jina, na msimamizi wa wahamishaji alipokuja kukagua alichomeka rula ya chuma kati ya ukuta wa mama na wa kaka, ikazama yote, akasema hivi vyumba vimeegemea tu, havikufungwa na nyumba, tukiinua vitachanika, itabidi vikatwe vibaki. Kaka akachukua kofia yake akaondoka, na tangu hapo ni kabati, kabati. Wifi hasemi na mimi, eti nataka wanawe walale nje, mama nikimuuliza anasema, "Elewaneni wenyewe, mimi nyote niliwazaa," halafu anageukia ukutani, na mimi nashona mapazia mchana kutwa kwenye chumba changu cha kushonea, jioni napeleka maneno jikoni, sebuleni na uani kama tarishi. Msimamizi ameniambia, "Dada, neno moja tu kutoka kwenu, tunakata." Kaka anasafiri kikazi wiki ijayo. Je, nilitoe neno hilo akiwa hayupo?

Mshona Mapazia

Mshona Mapazia, pole. Kubeba maneno ya watu wanaolala chini ya paa moja kunachosha kuliko kubeba maji. Lakini hilo la kusubiri asafiri, usithubutu! Mtu arudi akute mkewe amekaa juu ya godoro uani na ukuta umelala chini? Utakuwa umeiokoa nyumba ukampoteza ndugu.

Ila huyo kaka yako naye asitufanye watoto. Nyumba si kabati! Ya muuza mkaa ilikuwa nini, kapu? Anajua fika kwamba nyumba inahama. Umeliandika jibu mwenyewe ukalipita: rula ilizama, akachukua kofia. Fundi mwenye jina hakuufunga ukuta wake na wa mama yake mzazi, na siku ya kukata mtaa mzima utasimama pale kutazama. Haogopi nyumba kuanguka, anaogopa kuchekwa. Kwa aibu ya mtu mmoja, mzee wa watu anaogelea chumbani kwake.

Nawe acha utarishi. Umewahi kumwambia wifi yako atalala wapi? Basi kwa nini asinune? Mpe chumba chako cha kushonea leo hii, cherehani ikae sebuleni. Kisha mtafute kaka peke yake, si mbele ya mkewe, umwambie: "Kaka, niliiona rula ikizama. Sikucheki, nataka tuhame sote." Avitenganishe vyumba mwenyewe, kwa nyundo yake, kabla wahamishaji hawajafika, na matofali ayapange vizuri, atayajengea ng'ambo. Safari hii afunge kuta. Akikataa, mama akae mbele yenu atamke, maana nyumba ni yake. Kuwazaa nyote si sababu ya kugeukia ukutani.

Na ninyi mafundi mnaosoma ukurasa huu huku mkisubiri zege likauke, msijifanye hamnisikii. Kila mmoja wenu ana ukuta mahali fulani ambao hataki uchomekwe rula. Mkisikia mwenzenu anabomoa kazi yake mwenyewe, nendeni na nyundo zenu mkamsaidie. Wa kucheka abaki kwao.