Sahani Niliyokufungia Bila Kuhesabu

Mjomba,

Assalam aleikum huko uliko. Sijui kama barua yangu itakufikia. Wewe ulikuwa ukisema waya ukiwa mzima sauti inafika tu, hata wa upande wa pili akiwa kanyamaza. Basi naandika hivyo hivyo, nikinyamaziwa.

Arobaini yako imepita. Watu walijaa mpaka nje ya ua, na yule mwenye duka wa Mikindani, aliyekuwa akituletea simu kuukuu za kutengeneza, alilia kuliko sisi wa damu. Kila aliyenishika mkono alisema maneno yale yale: "Fatu, umemuuguza mjomba wako, Mungu atakulipa." Nikawa naitikia amina. Mjomba, zile amina sikustahili kuziitikia. Leo nakwambia kwa nini.

Unakumbuka siku ya kwanza uliyonikalisha mezani kwako? Nilikuwa nimetoka kuachika, nimerudi hapa Magomeni yetu ya huku kusini na begi moja na hasira za kutosha mtaa mzima. Hukuniuliza habari za mume. Uliniwekea mbele sahani tatu za kuzungushia namba, nyeusi, zote za simu za jeshi, ukasema nikutenganishie. Nikazitazama moja moja, namba zile zile, matundu yale yale, nikakujibu kuwa zote ni aina moja. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Umetazama uso. Geuza."

Nikageuza. Kumbe nyuma kila moja ilikuwa na mambo yake. Moja ina waya nne, nyingine tano. Moja ina alama iliyogongwa kwenye chuma, nyingine haina hata mkwaruzo. Na hata alama hizo hukuziamini. Ulinieleza kwamba enzi zako za jeshi, kwenye vituo vya kando ya Ruvuma, sahani ikifa hakukuwa na ya akiba. Mafundi mlikuwa mnachukua uso wa hii mnaupachika kwenye utumbo wa ile, rangi za waya mnazichanganya, mradi simu ilie. Ndizo simu hizo hizo zinazotufikia leo kutoka kwenye vyuma chakavu. Nyingine ukizungusha moja inatoa milio miwili.

Ndiyo maana ukanifundisha korosho. Bakuli la korosho mbichi mezani, na kabla waya wowote haujaguswa, sahani inazungushwa namba moja mpaka sifuri. Inaporudi, kila mlio unatoa korosho moja kwenye bakuli. Moja, korosho moja. Mbili, korosho mbili. Zikizidi au zikipungua, sahani hiyo haifungwi popote mpaka ijulikane ina nini. Nilikuwa nikikutania kwamba fundi mzima wa jeshi anahesabu kama mtoto wa chekechea. Ulikuwa hukasiriki. Ulikuwa unaniuliza tu, kila ninapomaliza kazi, neno moja: "Umehesabu?"

Miaka tisa, Mjomba, neno hilo. Lilinichosha. Nakiri, lilinichosha.

Mikono yako ilipoanza kutetemeka na macho kuingia ukungu, simu ya mkononi ikakushinda. Ukasema matundu ya sahani unayajua kwa kidole, hayahitaji macho. Tukafunga lile kasha dogo la swichibodi uliloliokota wewe mwenyewe, linalohesabu milio ya sahani na kuunganisha simu lenyewe, tukavuta waya uani. Simu namba moja kitandani kwako. Namba mbili kwangu, karakana. Namba tatu kwenye ghala, kwa ajili ya mkeo, Mama Somoe, anapochambua korosho za shamba la Mpapura. Ulifurahi kuliko siku ya Idi. Ulikuwa unanipigia kuniuliza kama chai imechemka, na birika naliona mimi, na wewe unalisikia.

Halafu springi ya sahani yako ikakatika. Ulikuwa msimu wa korosho, kazi za watu zimejaa meza, na mimi nilikuwa nimeamka vibaya. Nikachukua sahani kwenye boksi la simu kuukuu za Mikindani, nikaitazama uso, nikaona ni ile ile. Waya tano kwa tano, rangi kwa rangi. Nikairudisha simu kitandani kwako, nikaenda karakana, nikakupigia. Ikalia. Ukapokea ukasema unanisikia vizuri. Nikaona yamekwisha.

Lakini nilikupigia mimi, Mjomba. Wewe hukunipigia. Sahani yako haikuguswa.

Kesho yake asubuhi, wakati nakufunga kifungo cha shati, ukaniuliza. "Umehesabu?" Nami nikajibu, "Nimehesabu." Wala sikubabaika. Nilisema kama mtu anavyoitikia hodi. Ukanipapasa kichwa kwa mkono ule unaotetemeka, ukasema, "Basi sawa." Ungekuwa na macho yako ungeivuta ile simu ukaihakikisha mwenyewe. Hukuwa nayo. Ulikuwa na mimi.

Siku hiyo hiyo Mama Somoe alikuwa amekwenda Mpapura. Kabla ya adhana ya adhuhuri nilikuwa nalehemu simu ya mteja, nikasikia kengele ya ghalani inalia. Nikasema moyoni, Mjomba naye kasahau, anamtafuta mkewe na mkewe kaondoka tangu alfajiri. Nikacheka kidogo. Kengele ikalia sana, ikanyamaza. Ikalia tena, safari hii kwa muda mfupi. Risasi ya kulehemia ilikuwa imeshayeyuka kwenye waya na sikutaka kazi iniharibikie. Nikamaliza. Nikatawadha, nikasali. Nikakumiminia uji, nikauweka upoe kidogo kwa sababu ulikuwa hupendi wa moto.

Nilikukuta mkonga wa simu umening'inia ubavuni mwa kitanda. Kidole chako cha shahada kilikuwa kimekunjwa, kimebaki vile.

Daktari alisema ni moyo. Sikumuuliza kama dakika zile zingefaa kitu. Naogopa jibu, lolote litakalokuwa.

Tulikuzika Mpapura, kwenye mikorosho uliyoipanda mwenyewe, kulikuwa na jua kali na udongo mgumu. Nami siku zote arobaini sikuigusa simu yako. Niliipita kama mtu anayepita nyumba ya anayemdai. Siku ya arobaini na moja nikaichomoa, nikaileta mezani, nikalisogeza bakuli. Nikazungusha mbili. Korosho tatu. Nikarudia. Tatu. Nikarudia mpaka mlio wenyewe ukawa hauna maana masikioni. Tatu, Mjomba. Ulizungusha namba yangu, kengele ikaenda kulia ghalani. Wewe huku ulisikia inaita, inaita. Ulikufa ukijua kwamba Fatu anasikia na hapokei.

Hilo ndilo linaloninyima chakula. Kifo ni cha Mungu. Lakini kwamba uliondoka na fikra hiyo juu yangu, hilo ni kazi ya mikono yangu.

Nikaenda kwa Mama Somoe. Yuko edani bado, amevaa nyeupe, ameketi chumbani kwenu anatazama ukuta. Nikampangia korosho tatu kwenye mkeka, nikamweleza yote, sahani, uongo wa asubuhi, kengele. Nilitegemea apige kelele. Nilitaka apige kelele. Alizikusanya zile korosho kiganjani, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Wewe ulidhani ananiita mimi?"

Nikasema ndiyo.

"Na ulijua mimi sipo?"

Nikasema ndiyo.

"Sasa mwanangu, kwa nini hukwenda kumwambia kwamba sipo?"

Mjomba, muda wote ule nilikuwa nimeshika kosa la sahani, nimelikumbatia, nalilia. Yeye kwa swali moja akanionyesha kosa lililokuwa kubwa kuliko hilo. Kengele ililia mara mbili ndani ya ua wetu, mtu mgonjwa anatafuta mtu, nami nikaona hainihusu.

Hajasema amenisamehe. Nami sijaomba, sioni pa kuanzia. Alichosema ni kimoja tu: "Ifunge vizuri, uirudishe humu. Mimi pia siku yangu itafika." Nikaifungua ile sahani, nikairudishia uso unaolingana na utumbo wake, nikajaribu kila waya kwa betri na globu, nikahesabu kumi zote mbele yake, yeye ndiye anatoa korosho kwenye bakuli. Zikakaa sawa. Nikaiweka kitandani pale pale pako.

Sasa ananipigia kila siku wakati ule ule, kabla ya adhuhuri. Napokea mlio wa kwanza haujaisha. Hasemi kitu. Nasikia pumzi yake tu, naye anasikia yangu, kisha anakata. Siku ya kwanza nilidhani ananiadhibu. Sasa sijui. Huenda na yeye anataka kuhakikisha kwamba inafika.

Na karakana nimeifungua. Sikutaka, lakini mwenye duka wa Mikindani amesimama mlangoni na simu sita, na hakuna mwingine pwani hii anayezijua. Bakuli lako lipo. Nahesabu kwa sauti, peke yangu, na wapita njia wanacheka kama nilivyokuwa nikicheka mimi.

Buriani, Mjomba. Mungu akupe kauli thabiti, na akikupa nafasi ya kusikia neno moja tu kutoka huku, nakuomba liwe hili, kwamba Fatu hakukataa kupokea. Nami nakuahidi, kengele yoyote nitakayoisikia, iwe yangu au ya mwingine, nitainuka niende nikaangalie, hata kama risasi inamwagika mezani.

Na lile swali lako la asubuhi ile, nililijibu vibaya. Sikuhesabu, Mjomba.

Mpwa wako,
Fatu