Kwa Binti Yetu, Aliyesikiliza Atomi

Mwaka mzima umekatika, mwanetu, tangu ututoke, na meza yetu imekuwa kimya. Hakuna tena anayegeuza jibu juu chini ili aone mgongo wake.

Shangazi yako alikubandika jina la Mpelelezi ungali mdogo, likaganda. Lakini hukumdharau aliyeshindwa kukujibu. Ulivuta kiti, mkatafuta pamoja. Hata mimi, niliyesoma shule ya usiku nikiwa na watoto tayari, ulinivutia kiti.

Jirani alisikia wewe ni daktari, akauliza unatibu nini. Nikamwambia, "Hatibu mtu. Ni daktari wa fizikia, anasikiliza atomi." Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa.

Ulipotupeleka maabara, ulituvua saa na funguo mlangoni kwa sababu ya ile sumaku kubwa. Mkanda wangu nao ukabaki nje. Mama yako akasema, "Yaani umemleta baba yako kazini aje ashike suruali?" Ulicheka hadi ukaegemea ukuta.

Kisha ukatueleza taratibu. Kijipande kile ulichokuwa ukikichunguza, cha aina inayotengenezewa simu na kompyuta, kina atomi ambazo viini vyake ni visumaku vidogo mno. Ukivipigia mawimbi ya redio, vinajibu. Wewe ulitaka jibu la alumini iliyomo kwenye tabaka moja jembamba, nalo ni hafifu, ndiyo maana mlikipoza kijipande na kukimulika kwa leza ili jibu lipande.

"Sasa utajuaje anayejibu ni nani?" nikakuuliza.

"Hapo ndipo penye kazi, baba."

Jibu lilipatikana ukiwa umeshaanza kuugua. Wenzako walifurahi, wewe ukalitilia shaka. Kishikio cha kauri kilichobeba kijipande nacho kina alumini. "Huenda muda wote huu nasikiliza kishikio," ulituambia kitandani, ukawazuia wasitangaze lolote mpaka kibadilishwe. Hukupata nafasi ya kukibadilisha.

Swali lako tukalirithi. Mama yako, ambaye hesabu na yeye ni paka na panya, hakuacha kumpigia simu yule dada mliyefanya naye kazi: "Mmefika wapi, mwanangu?" Dada wa watu alichonga kishikio cha plastiki, kikapasuka kwa baridi. Akachonga kingine.

Juzi alikuja nyumbani. Alisema kabla hajakaa, "Mama, Baba, sehemu kubwa ilikuwa kishikio."

Mama yako aliinamisha kichwa.

"Lakini tulipokitoa, bado kuna anayejibu. Zamani kishikio kilimfunika. Tukizima leza, ananyamaza. Tukiiwasha, anarudi."

Kishikio hakijali leza, mwanangu. Hilo hata mimi nililielewa. Shaka yako ilikuwa ya haki, na tumaini lako pia.

Anasema tabaka limejibu kwenye wimbi la pembeni kidogo ya lile mlilotarajia, na sababu haijulikani. Mama yako amemwambia asikae sana, chai atakunywa siku nyingine, arudi maabara akaangalie.

Unakumbukwa na mimi baba yako, mama yako, mumeo, kaka zako wawili, shangazi yako, na dada huyo wa maabara, ambaye sasa ni wetu. Maadamu tunapumua, hatutakusahau.