Maneno Ishirini na Nane

Kihesa, Jumanne, 14 Agosti 1973

Maneno ishirini na nane tu. Ndugu Mwakalinga, mtaalamu wa kompyuta aliyetoka Dar es Salaam, alitaka orodha ya maneno ya namba ya Kiingereza ninayotumia kuandika alama za mtihani kwa maneno kwenye vyeti. Kazi yangu ya miaka kumi na tisa haikujaza hata ukurasa mmoja.

Leo alinipa karatasi za vyeti zilizochapwa na mashine yake nizihakiki. Zilikuwa safi, ila penye alama ya sifuri mashine iliacha nafasi tupu. Mwenye kalamu angeweza kujaza hapo alama yoyote aitakayo.

Ningenyamaza, vyeti vingekataliwa, na kazi ingerudi mezani kwangu. Nilikaa na karatasi zile hadi saa nane mchana. Nilitaka sana kunyamaza.

Nikamwonyesha. Akacheka.

"Mzee, una macho wewe! Hilo dogo, naongeza kadi moja tu ya maagizo kwenye mashine. Sasa nenda kapalilie mahindi yako."

Mkuu wa ofisi amesema Ijumaa nikabidhi meza.

Jioni mke wangu aliuliza kama ile mashine inafanya kazi vizuri. Nilimjibu kwamba sasa haina kosa. Hayo mengine sijamwambia.